Mahameli ya Bimdogo

Mtu akikuita "mama yangu mzazi" na hamjafahamiana hata nusu saa, mfukuze. Mimi sikumfukuza. Nilimkaangia sato, nikampikia wali, nikamkalisha kwenye kiti cha marehemu mama, nikamfungulia sanduku. Kwa hiyo usiniambie nipunguze sauti. Nasimulia kwa hasira kwa sababu nina hasira, na hapa ni kwangu.

Naitwa Safia. Nakaa Mirongo, nyumba ileile waliyoijenga wazazi wangu, na barazani nadarizi: shingo za kanzu, mashuka ya maharusi, foronya, chochote utakacholeta. Kazi hiyo nilifundishwa na mama yangu, Bimdogo, ambaye kila mwenye umri wa kutosha hapa Mwanza alimjua kwa sindano yake. Ndugu yangu wa tumbo moja ni mmoja tu, Rahim, mdogo wangu, anauza vipuri vya magari Nyakato na amejenga Buswelu. Rahim nitamfikia. Nikianza na yeye nitashindwa kumaliza.

Nianze na kitambaa chenyewe. Nilikuwa na miaka miwili, siku zile Wazungu wengi walikuwa wanauza walivyonavyo na kuondoka. Mke wa Mgiriki mmoja mwenye kinu cha kuchambulia pamba alimwita mama, aliyekuwa akimshonea nguo, akamkabidhi mzigo umeviringishwa kwenye shuka. Akamwambia ni mali ya bibi wa bibi yake, imetoka Ulaya, ina zaidi ya miaka mia mbili, imeoza, haiwezi tena safari. Mama aliichukua kwa tamaa ya mahameli. Alifikiri atapata mito minne.

Alipoikunjua akasahau mito. Mahameli ya buluu iliyokoza, ndefu kuliko kitanda, na juu yake watu wamedariziwa kwa hariri, kwa mkono, mpaka vivuli vya mashavu vinaonekana. Picha zilikuwa tatu, zimetengwa kwa nguzo za uzi wa dhahabu. Kushoto kijana mwenye mabawa miguuni. Kulia mwanamke anayekimbia huku vidole vyake vinaota majani. Katikati, ile kubwa kuliko zote, msichana amekaa mgongoni mwa ng'ombe dume, na ng'ombe yumo majini, anaogelea kuiacha nchi kavu.

Ila mama hakuona ng'ombe. Aliona kwato moja na jicho. Hariri nyeupe aliyoshonewa ng'ombe ilikuwa imekufa. Ukiigusa inakuwa vumbi kwenye kidole. Wale wawili wa pembeni walikuwa wazima, rangi zao kali. Na msichana mwenyewe alikuwa mzima vilevile, kifua wazi, mkono mmoja ameunyanyua juu hana alichoshika, amekaa juu ya upara wa mahameli.

Mama alifanya kazi ile miaka tisa. Hakukuwa na hariri ya kununua, na hata ingekuwepo asingeweza. Aliomba sari zilizochakaa kwa wake za wenye maduka wa Kihindi, anachomoa uzi mmoja mmoja, anasokota mbili mbili pajani, anadarizi akishamaliza nguo za watu. Akamtengeneza ng'ombe. Si mweupe. "Ng'ombe gani huyu hana nundu?" alisema, akamweka nundu, akamfanya mwekundu mwenye baka tumboni kama wale wanaopitishwa Buhongwa kwenda mnadani. Msichana akamvisha kanga, kwa vitone vidogo ambavyo mpaka leo siwezi kuviiga. Shemeji yetu mmoja msomi wa dini alikuja akasema picha za viumbe hazifai ndani ya nyumba. Mama akamjibu kwamba haziabudu, anazitundika, na kwamba angalau yeye kamvisha huyu binti, waliomshona kwanza walimwacha kifua wazi. Shemeji akanywa chai yake akaondoka.

Cha mwisho kabisa akampa kamba. Ilianzia puani mwa ng'ombe, ikapanda shingoni, ikaishia kwenye mkono ule ulionyanyuliwa, imezungushwa kiganjani mara mbili. Nilikuwa na miaka kumi na moja, namshikia taa. Nikamuuliza kamba ya nini.

"Mwanamke yuko juu ya dume katikati ya maji, hana kamba," mama alisema. "Huyo anapelekwa. Mimi simwachi apelekwe."

Basi kuanzia hapo, kila binti wa ukoo wetu aliyeolewa, na kila mke aliyeolewa kwetu, siku ya harusi alikalishwa mbele ya mahameli ile. Kabla ya kutolewa nje, anainuka na hina yake mikononi, anaweka kidole kwenye kamba, anaifuata toka kiganjani mwa binti mpaka puani mwa ng'ombe. Wakubwa wanamwambia: umeona kashika nini? Nawe shika. Mimi niliifuata. Kija, mke wa Rahim, Msukuma wa Magu, siku anaingia kwetu alicheka mpaka machozi yakamharibia wanja. "Huyu ng'ombe wa kwetu amefikaje kwa Wazungu?" Naye akaifuata. Kamba ile ilikuwa imeingia weusi kwa vidole vya maharusi, na mama alipokuwa hai hakuruhusu mtu aifute.

Sasa tuje kwa Rahim.

Mwaka huu binti yake, Najat, amepata mchumba, kijana wa Igoma, hana neno. Wiki nne kabla ya harusi Rahim akaja barazani na mgeni. "Dada, huyu anaitwa Antoni. Amesomea vitambaa vya kale huko nje. Atatusafishia mahameli ya mama ipendeze kwa ajili ya Najat."

Kutusafishia. Neno alilotumia ndilo hilo, na Mungu anamsikia.

Antoni alikuwa kijana wa thelathini na kitu, miwani, mikono laini. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Nikaikunjua mahameli kitandani kwa mama. Akavaa glovu nyeupe, akatoa kioo cha kukuzia, akainama. Kisha akanitazama, macho yamemtoka, akasema, "Mama yangu mzazi, sijawahi kuona mkono kama huu."

Jamani. Miaka arobaini nashika sindano. Watu huniambia fanya haraka, punguza bei, kwa nini usitumie mashine. Hakuna hata mmoja, hata wanangu wa kuwazaa, aliyewahi kuinamia kazi ya mama yangu kwa kioo. Kichwa kikanivimba, siwezi kukuficha.

"Tatizo langu," akasema, "mama wa marehemu amefuatisha vizuri mno."

"Marehemu mwenyewe ndiye mama," nikamsahihisha. "Bimdogo."

"Bimdogo. Kuna sehemu siwezi kutofautisha mkono wake na wa Ulaya. Nionyeshe wewe."

Nikamwonyesha. Saa mbili na nusu, nimeinama mpaka kiuno kikaniuma, naweka kidole: hapa ni mama, hapa Ulaya, hapa mama ameunganisha na uzi wao, ona ulivyolala, na hapa, na hapa. Kila nilipoweka kidole yeye akachomeka pini yenye kikaratasi cheupe. Nikadhani anamheshimu. Nikadhani jina la mama litaandikwa mahali, watu wa nje wajue kulikuwa na mtu hapa Mirongo. Hata mahali ambapo asingegundua maisha yake yote, kwenye ukope wa ng'ombe, mishono minne tu, nilimwonyesha mwenyewe kwa hiari yangu, nacheka. Nilivikwa kilemba cha ukoka, na mimi nikakishika kwa mikono miwili kisidondoke.

Wakaichukua kwenda Buswelu, maana Rahim ana meza kubwa na mwanga mzuri. Nilipiga simu wiki ya kwanza, Rahim akasema bado. Nikapiga wiki ya pili, akasema inakauka. Inakauka! Kitu ambacho hakipaswi kuguswa na maji kinakauka nini? Lakini nilikuwa nimezama kwenye gauni la Najat, nikaacha. Hilo nalo ni langu, sina wa kumsukumia.

Jumatano ya wiki ya harusi, asubuhi, nikapanda bajaji mpaka Buswelu kuifuata. Kija alinifungulia geti. Hakunitazama usoni.

"Wifi, mimi nilikuwa Magu kwa mama anaumwa," alisema. "Nimerudi jana jioni. Wallahi sikujua."

"Hukujua nini?"

Akanipisha nipite.

Mahameli ilikuwa mezani, imenyooshwa vizuri, taa mbili juu yake. Kijana mwenye mabawa yuko kushoto. Mwanamke wa majani yuko kulia. Katikati hapakuwa na ng'ombe. Palikuwa na upara, umejaa vitundu vya sindano, na alama hafifu ya chokaa mahali alipochorwa ng'ombe wao wa zamani. Kwato moja, jicho moja. Juu ya upara ule yuko binti, uchi, kanga imechomolewa yote hadi kitone cha mwisho. Na mkono wake uko juu, mtupu.

Kando ya meza palikuwa na mfuko mdogo wa plastiki, umefungwa, umebandikwa karatasi iliyopigwa chapa: Nyongeza za baadaye. Ndani mna vipande vya hariri, vyekundu, vyeusi, vyeupe, vimekatwakatwa. Niliushika. Miaka tisa ya mama yangu, haifikii uzito wa yai.

Antoni alikuwa amesimama na glovu zake. "Shikamoo mama."

Sikuitikia. Katika maisha yangu sijawahi kuacha kuitikia salamu ya mtoto wa mtu, siku ile niliacha.

"Ng'ombe wa mama yuko wapi?"

"Mama, tumeondoa zile nyongeza ili kazi ya asili ionekane. Ndivyo mnunuzi alivyo..." Akamtazama Rahim.

"Mnunuzi?" nikamgeukia ndugu yangu. "We Rahim, mnunuzi gani?"

Rahim alikuwa amekaa kwenye kochi, anachezea funguo za gari. "Dada, kaa kwanza."

"Sikai!"

"Yuko mtu wa nje anaitaka. Ila anataka ya Ulaya tupu, bila viraka. Ingetundikwa kwanza kwa Najat, halafu ndiyo iende. Ilikuwa nikuambie baada ya harusi. Kitambaa kinakaa sandukuni miaka, kinatoka siku moja, kinarudi."

"Viraka," nikasema. "Mama yako kakesha miaka tisa, unamwita kiraka."

Yule Antoni, kwa kutafuta amani nadhani, akaanza kunieleza hadithi. Kwamba ng'ombe yule si ng'ombe, ni Zeu, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale, amejigeuza fahali mweupe mpole ili binti wa mfalme amzoee, ampande mgongoni. Akishapanda tu, anatumbukia naye baharini. Anamteka. Na yule mwanamke wa majani anakimbia mungu mwingine, amegeuka mti asishikwe. Alieleza vizuri, mtoto amesoma. "Kwa hiyo kamba haikuwepo kwenye hadithi, mama. Inapotosha maana."

"Ndiyo maana aliiweka!" nililia kwa sauti ambayo majirani waliisikia. "Hakujua Kigiriki, hakujua Zeu, alijua binti huyu anaibwa! Aliona kwa macho! Akamvisha nguo, akampa kamba. Na wewe na kioo chako umekuja umemvua nguo, umemnyang'anya kamba, umemrudishia mwizi kazi yake!"

"Nilitegemea," alisema polepole, "fahali mweupe yuko chini. Nilidhani Bimdogo alimfunika tu."

"Hakumfunika. Alikuwa ameshakufa. Uliniuliza wapi na wapi, saa mbili na nusu. Ulishindwa kuniuliza kwa nini?"

Hapo Rahim akasimama. Huyu ndugu yangu ukimbana sana anakuwa mkweli, na ukweli wake una makali. "Acha kumfokea mtoto wa watu. Nani alimwonyesha? Mimi nilishamwambia haiwezekani, hakuna anayejua upi wa mama na upi wa Ulaya. Mimi mwenyewe sijui. Duniani kote anajua mtu mmoja, na ni wewe. Kama ungenyamaza angetoka na vumbi tu."

Nilitazama ile meza, na kila kitundu cha sindano nilichokiona nilikumbuka kidole changu kilivyotua pale na nilivyokuwa nacheka. Nilitaka kumpiga mtu na sikujua nianze na nani.

Rahim akaona nimenyamaza, akadhani ameshinda. Akaongeza neno moja ambalo lilikuwa la kupita kiasi. "Na isitoshe, tukienda kwa mirathi, mimi mwanamume nina mafungu mawili. Wewe lako ni moja. Nikisema iuzwe, inauzwa."

Mirathi! Mama ana miaka sita tangu afariki. Sufuria zake ziko kwangu, kitanda chake, cherehani yake, Rahim hajauliza hata mwiko. Siku zote tumeishi bila kugawana kwa sababu tulikuwa watoto wa Bimdogo, na mimi niliona fahari. Leo kakumbuka mafungu.

"Sawa," nikasema. Sauti ilishuka yenyewe. "Sheria ya Mungu siipingi. Picha ni tatu. Mbili zako, moja yangu. Kija! Nipe mkasi."

"Dada, usifanye mchezo."

Sikuona Kija ametoka saa ngapi. Nilimwona tu ameshaingia, ameushika mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, ule niliompa mwenyewe siku ya harusi yake. Akapita mbele ya mumewe kana kwamba hayupo, akaniwekea mkononi. "Huu hapa, wifi. Nimeunoa asubuhi."

Antoni alisema mama tafadhali, mama tafadhali, mara nyingi. Nikaingiza mkasi kwenye nguzo ya kwanza ya dhahabu. Mahameli nzee haikatiki kimya, inakwaruza. Mkasi ulipofika katikati Rahim akaita, "Mama!" Kwa sauti ileile aliyoitia akiwa mdogo akianguka. Hakuniita mimi. Aliita na mikono yake ikabaki hewani, hakuja kunizuia, na mimi sikusimama. Nikamaliza nguzo ya kwanza, nikaenda ya pili.

Nikamsogezea kijana wa mabawa na mwanamke wa majani. "Hizo kazi ya asili tupu, mama hakugusa hata uzi. Mpelekee mnunuzi wako." Nikaviringisha picha ya katikati ndani ya kanga yangu, nikachukua na ule mfuko wa plastiki, nikatoka. Mnunuzi, nilisikia baadaye, hakutaka vipande.

Utaniuliza najuta? Kuna siku najuta. Kuna siku natamani ningekata na kochi lake.

Alhamisi na Ijumaa nilijifungia ndani. Nilidhani nitamrudisha ng'ombe. Nikafungua ule mfuko nikatandaza vipande mezani, nikatafuta kirefu kuliko vyote. Hakikufika ncha ya kidole mpaka kiungo cha kwanza. Huwezi kutunga uzi wa hivyo kwenye sindano. Nikachukua nyuzi zangu za dukani nikaanza nundu, nikaitazama, nikaifumua. Ilikuwa ya ng'ombe wa kwenye pakiti ya maziwa.

Kamba ningeweza. Nakuambia kweli. Kamba ni mishono sitini na kitu, kazi ya asubuhi moja, na Najat angekuwa na kitu cha kushika. Sikuishona, na sababu yake si nzuri. Nilitaka ionekane. Nilitaka wanawake wote wa ukoo na wa upande wa kijana wakae mbele ya binti yule alivyo, uchi, hana ng'ombe, hana kamba, waulize, na mimi niwajibu: muulizeni Rahim. Siku tatu nilikuwa napanga maneno. Nikipiga pasi napanga. Nikiosha vyombo napanga. Nilikuwa nimeyapanga vizuri kiasi kwamba angeona aibu kupita Mirongo mpaka anazikwa.

Jumamosi wanaume wakaenda msikitini kwa nikaha, wanawake wakajaa kwangu. Nikaitundika kwa misumari miwili. Kingo zilizokatwa zilikuwa zinamwaga manyoya ya buluu sakafuni. Wa kwanza kuingia alikuwa binti wa baba mkubwa, mtu mzima, akashika mdomo. "Subhanallah! Safia, mbona yuko uchi?"

"Ng'ombe yuko wapi?" mwingine akauliza.

"Na zile picha nyingine?"

Mmoja akavua mtandio wake wa juu akataka kumfunika binti. Nikamshika mkono. "Msimfunike. Mtazameni vizuri. Nitasema bibi harusi akiingia."

Kija alikuwa amekaa pembeni na wakwe zake wapya, ameinamisha kichwa. Alijua ninachotaka kufanya. Hakunizuia, yule ni mume wake na bado hakunizuia.

Najat akaingizwa. Mwezi mzima alikuwa amewekwa ndani kwa binti wa baba mkubwa, hakuiona meza ya Buswelu; nilimvalisha mwenyewe gauni lile asubuhi, wala sikuwa nimemweleza chochote. Nilimwambia tu mahameli ina hitilafu. Akakaa. Wakaimba. Ilipofika wakati, akainuka kama walivyoinuka wote kabla yake, akageukia ukutani. Akasimama. Nyimbo zikafa moja moja.

Akanyanyua kidole chake chenye hina akakiweka kwenye kiganja cha yule binti. Akatafuta. Akasogea kidogo, kwenye mahameli tupu, akasogea tena, anapapasa vile vitundu.

"Shangazi," akasema bila kugeuka, "kamba iko wapi?"

Nikafungua mdomo. Maneno yote yalikuwepo, yamepangwa foleni, la kwanza lilikuwa jina la baba yake. Lakini nilikuwa natazama kidole chake. Kilikuwa kimetua palepale changu kilipotua mbele ya Antoni, kwenye mzunguko wa pili wa kamba, mahali nilipomwambia, huu hapa ndio mshono wa mwisho wa maisha ya kazi hii, mama aliukata kwa meno nikiona.

"Nimeitoa mimi," nikasema.

Kija akanyanyua kichwa.

"Alikuja mgeni akamsifia mama, nami nikataka asifie zaidi. Nikamwonyesha mshono mmoja mmoja mpaka akaimaliza yote. Bila mimi asingeuona hata mmoja. Nimemtangaza mama yangu kwa mtu nisiyemjua, kwa sababu aliniita mama. Na jana na juzi ningeweza kuirudisha, sikuirudisha, nilitaka kumwaibisha baba yako mbele yenu."

Nikaifunga mikono kwenye kanga. Wanawake wa Igoma walikuwa wananitazama mimi, si ukuta. Nilingoja Najat alie, au aniambie basi Shangazi, yamepita, kama mabinti wanavyosema.

Hakusema hivyo. Hakuondoa kidole pia. Alibaki amekishikilia pale kwenye upara, akageuza kichwa, macho makavu, na nilimwona Bimdogo mzima mzima usoni mwake.

"Sema kwa nguvu, Shangazi," akasema. "Waliokaa uani hawajasikia."

Nikarudia toka mwanzo.